Cheti changu cha mkanda mweusi kinatambuliwa na nani?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Mombasa na nina umri wa miaka 31. Nilianza taekwondo nikiwa shule ya upili, na sasa nina mkanda mweusi wa dani (yaani daraja) ya pili. Vyeti vyangu vyote viwili vilitolewa na shirikisho la upande wa ITF (International Taekwon-Do Federation), na vimesainiwa na mwalimu wangu pamoja na rais wa shirikisho hilo aliye ng'ambo. Mwaka jana mwalimu alijitoa humo, akajiunga na shirikisho jingine ambalo jina lake karibu halina tofauti na lile la kwanza, na sasa anatutaka sote tulipie vyeti vipya. Nilipokwenda klabu nyingine inayofuata World Taekwondo, shirikisho linalosimamia taekwondo ya Olimpiki, niliambiwa cheti changu hakitambuliki na nianze upya, ila nikitoa ada fulani naweza kubadilishiwa hadi dani ya pili bila mtihani. Nia yangu ni kufundisha watoto wa mtaani kwetu, na huenda nikashindana kidogo kabla umri haujanitupa mkono. Je, shirika lipi ndilo halali? Kwa nini yako mengi hivi? Na mwalimu wangu nimjibu nini?

JIBU: Ndugu yangu, nianzie katikati ya swali lako, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Ukiuliza ni shirika lipi lililo halali bila kusema halali kwa jambo gani, kila utakayemwuliza atakutajia la kwake, na kila mmoja atakuwa na karatasi ya kukuonyesha. Hakuna mtu, taasisi wala serikali inayomiliki taekwondo kama sanaa. Yanayomilikiwa ni majina ya mashirika, nembo, vyeti na kanuni za mashindano. Kwa hiyo shirika moja linaweza kuwa na haki ya pekee ya kusimamia mapambano ya Olimpiki na bado lisiwe ndilo linalotoa vyeti vya dani vinavyotakiwa humo. Jingine linaweza kutoa vyeti vinavyoheshimika dunia nzima na lisiandae pambano hata moja la Olimpiki. Na la tatu linaweza kuwa na walimu hodari kuliko wote mjini kwenu, lakini mbele ya sheria za Kenya likawa halipo kabisa. Wewe umeuliza mambo matatu kwa pamoja, yaani thamani ya ulichojifunza, nafasi ya kushindana na ruhusa ya kufundisha, na majibu yake hayafanani.

Kwanza wingi wenyewe, ambao hauwezi kueleweka bila kurudi nyuma. Utawala wa Kijapani nchini Korea ulidumu kuanzia 1910 hadi 1945, na baadhi ya vijana wa Kikorea waliokwenda kusoma Japani walirudi nyumbani na karate. Won Kuk Lee, aliyeanzisha shule ya Chung Do Kwan mwaka 1944, na Ro Byung Jik wa Song Moo Kwan, wote wawili walikuwa wanafunzi wa Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate wa Kijapani. Baada ya uhuru shule za aina hiyo ziliongezeka, kila moja ikiwa na mwalimu wake, mtaala wake na madaraja yake, na miongoni mwake ilikuwamo Moo Duk Kwan ya Hwang Kee. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu vijitabu vingi vinavyogawiwa klabuni husema kwamba taekwondo ina umri wa miaka elfu mbili, na mwanafunzi anapogundua baadaye kwamba sivyo, huanza kumshuku mwalimu wake hata katika yale aliyomfundisha kwa haki. Michezo ya mateke ya kale ilikuwepo kweli, na mmojawapo, taekkyeon, UNESCO iliuorodhesha mwaka 2011 katika urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini mashirika tunayoyazungumzia hapa ni ya karne ya 20, na yalizaliwa yakiwa tayari yamegawanyika.

Jina la taekwondo lilipitishwa tarehe 11 Aprili 1955 kwa pendekezo la Jenerali Choi Hong Hi, ambaye alikuwa na kitu wasichokuwa nacho walimu wengine: jeshi la kulifundisha. Chama cha kitaifa kiliundwa mwaka 1959, kikabadilishwa jina miaka miwili baadaye kwa sababu wakuu wa shule hawakukubaliana, kisha mwaka 1965, Choi alipokuwa rais wake, jina la taekwondo likarejeshwa. Tarehe 22 Machi 1966 Choi aliunda mjini Seoul shirikisho la kimataifa, yaani ITF, ambalo ndilo babu wa hilo lililosaini vyeti vyako. Hakukaa nalo Seoul kwa muda mrefu. Alikosana na serikali ya Park Chung-hee, rais wa Korea Kusini, na mwaka 1972 akahamia Kanada na shirikisho lake mkononi. Serikali nayo haikungoja. Jengo la Kukkiwon lilifunguliwa katika eneo la Gangnam tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika humo mwezi Mei 1973, na tarehe 28 ya mwezi huo likazaliwa shirikisho la pili la dunia, chini ya Kim Un-yong, ambalo leo tunaliita World Taekwondo. Kuanzia hapo pakawa na taekwondo mbili zenye jina moja, moja ikiwa na dola nyuma yake na nyingine ikiwa na mwasisi wa jina.

Dola ilishinda, angalau kwa upande wa michezo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho la Kim mwaka 1980, taekwondo ikawa mchezo wa maonyesho Seoul 1988 na Barcelona 1992, na mwaka 1994 kikao cha kamati hiyo mjini Paris kikaamua kuwa uwe mchezo kamili wa Olimpiki kuanzia Sydney 2000. Upande wa Choi ulikwenda njia nyingine. Mwaka 1980 alipeleka kikosi cha maonyesho Pyongyang, hatua iliyomfanya aonekane msaliti kwao Korea Kusini, na baada ya hapo mmoja wa mifululizo 24 ya mapigo ya ITF, ule ulioitwa Ko-Dang, uliondolewa na mahali pake pakawekwa mwingine ulioitwa Juche, jina la itikadi rasmi ya Korea Kaskazini. Fikiria hali ya mwanafunzi wa Argentina, Poland au Kenya, asiye na neno na Korea yoyote kati ya hizo mbili, anayeambiwa kwamba ili apande daraja ni lazima afanye kwa ufasaha mfululizo wenye jina la itikadi ya chama cha nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Wapo waliotii kwa kuwa mapigo ni mapigo tu, wapo waliobadilisha jina kimyakimya ukumbini mwao, na wapo waliohama. Malalamiko ya namna hii hayaandikwi kwenye kumbukumbu za mikutano mikuu, lakini ndiyo yanayovunja klabu.

Choi alifariki Pyongyang tarehe 15 Juni 2002, na ITF ikapasuka vipande vitatu. Mwanawe, Choi Jung Hwa, alikuwa tayari ameanza kuongoza tawi lake. Chang Ung, mjumbe wa Korea Kaskazini katika Kamati ya Olimpiki, alichaguliwa na mkutano uliofanyika Pyongyang mwezi Septemba mwaka huo, wafuasi wake wakisema kwamba Jenerali mwenyewe alimtaja katika siku zake za mwisho. Waliokataa kauli hiyo walimchagua Tran Trieu Quan, Mkanada mwenye asili ya Vietnam, ambaye baadaye alifariki katika tetemeko la ardhi la Haiti mwezi Januari 2010. Matawi yote matatu yaliendelea kutumia jina lilelile la ITF, mfumo uleule wa madaraja, na sare zinazofanana mpaka mgeni asiweze kuzitofautisha. Pembeni yake kukaota mashirikisho madogo ya watu waliochoshwa na yote matatu. Sina shaka kwamba mwalimu wako amehama kutoka moja ya hayo kwenda jingine, na ndiyo maana majina yanakuchanganya.

Usidhani ni ugonjwa wa taekwondo peke yake. Hwang Kee alikataa shule yake imezwe na chama cha kitaifa miaka ya 1960, sehemu ya wanafunzi wake wakamwacha na kuungana na chama, naye akaendelea na sanaa alizoziita tang soo do na soo bahk do hadi alipohamia Marekani. Hapkido, sanaa nyingine ya mapigano ya Kikorea, ambayo chimbuko lake ni Choi Yong-sool wa Daegu, haijawahi kuwa na shirikisho moja linalokubalika na wote hata ndani ya Korea kwenyewe, kwa hiyo anayekuja kukuuzia cheti cha hapkido cha "shirikisho pekee linalotambuliwa duniani" anakudanganya tangu sentensi ya kwanza.

Sasa tuje kwenye vyeti vyako. Cheti cha dani, kikivuliwa muhuri na urembo wote, ni kauli ya watu fulani kwamba siku fulani walikutazama ukifanya mambo fulani na wakaridhika. Ikiwa ulitahiniwa kweli, mbele ya mtu aliyekuwa na daraja la kutahini, kwa mtaala wa ITF wa wakati huo, basi wewe ni dani ya pili wa ITF, na hakuna mkutano mkuu wala barua ya rais inayoweza kufuta jambo lililokwisha kutendeka. Mwalimu wako kuhama hakukushushi. Kinachobadilika ni orodha ya watu watakaokikubali cheti hicho bila maswali, na orodha hiyo hupungua kila shirikisho linapopasuka.

Kwa upande wa World Taekwondo, aliyekuambia kwamba cheti chako hakitambuliki alisema kweli, ingawa huenda hakukueleza sababu. Shirikisho hilo la michezo, ambalo liliitwa WTF hadi Juni 2017 lilipoamua kuachana na kifupi kilichokuwa kimegeuka kichekesho mitandaoni, linaendesha mashindano, leseni na kanuni za mapambano. Vyeti vya dani wanavyovitegemea wachezaji wake hutolewa na Kukkiwon, ambayo ni taasisi nyingine yenye uongozi wake. Wengi hata miongoni mwa walimu huzichanganya hizi mbili. Dani ya ITF si sehemu ya mfumo wa Kukkiwon, kama vile dani ya karate isivyo sehemu yake, na mitaala yenyewe imeachana: mifululizo ya mapigo si ileile, namna ya kupanda na kushuka kwa mwili katika hatua si ileile, na mapambano ni ya aina nyingine kabisa. Mwaka 2014, mjini Nanjing, World Taekwondo na ITF ya Chang Ung zilitia saini makubaliano mbele ya rais wa Kamati ya Olimpiki, na matunda yake yalionekana katika maonyesho ya pamoja, ikiwa ni pamoja na yale ya mashindano ya dunia ya Muju 2017 na ya Michezo ya Majira ya Baridi ya PyeongChang 2018. Yalikuwa mazuri ya kutazama, lakini hayakuunganisha vyeti, kwa hiyo mtu akikuambia kwamba "siku hizi ITF na WT ni kitu kimoja", mwombe akuonyeshe hiyo kanuni.

Kuhusu kubadilishiwa hadi dani ya pili bila mtihani kwa ada, jibu langu ni fupi: usilipe. Kwa utaratibu wa kawaida wa Kukkiwon, asiye na dani yake huanza na ya kwanza, kisha husubiri mwaka mmoja kabla ya kuomba ya pili, miaka miwili kabla ya tatu, na mitatu kabla ya nne. Ni kweli kwamba Kukkiwon yenyewe imewahi kuendesha mitihani maalumu iliyowaruhusu watu kuruka madaraja, na ilizusha manung'uniko makubwa miongoni mwa walimu waliongoja zamu yao kwa subira, kwa sababu mtu aliyetumia miaka sita kutoka dani ya kwanza hadi ya nne hafurahi kumwona jirani yake akiipata katika wikendi moja. Lakini hata hiyo ilikuwa mitihani, iliyotangazwa na Kukkiwon yenyewe. Haikuwa mpango wa mwalimu mmoja wa mtaani anayepokea pesa kwa simu. Ukiwa na shaka, kuna njia rahisi ya kupima: cheti cha Kukkiwon kina namba, na namba hiyo hutafutwa kwenye tovuti ya taasisi hiyo pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwenye cheti. Mwombe huyo mwalimu akuonyeshe cheti chake mwenyewe na mkitafute pamoja hapohapo. Mwenye cheti cha kweli huona fahari kufanya hivyo, tena mara nyingi atakutafutia kabla hujamaliza kuuliza. Jambo jingine la kuuliza ni kama yeye ana dani ya nne au zaidi, kwa sababu kwa kawaida anayependekeza wanafunzi kwa mtihani wa dani ni lazima awe amefika hapo. Ada ya Kukkiwon yenyewe inajulikana. Gharama ya kutuma na ya kuendesha mtihani klabuni inaeleweka. Kinachozidi hapo ni faida ya mtu, na una haki ya kukiuliza.

Nimeona vyeti vingi katika kazi hii, na kimoja sitakisahau. Kilikuwa kikubwa kama kalenda ya ukutani, kimepakwa rangi ya dhahabu ukingoni, na chini yake palikuwa na saini tatu: ya mtahini mkuu, ya katibu mkuu na ya rais wa dunia. Ukizitazama kwa makini, mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umepinda upande uleule katika zote tatu, na wino ulikuwa mmoja. Mwenye cheti hicho alikuwa mpiganaji mzuri sana, aliyefundishwa vizuri, na karatasi ile ilimdhalilisha bila sababu, kwa kuwa kila aliyeiona alianza kumdhania kuwa ni tapeli. Usikubali kupata cheti ambacho kitakufanya uone haya pale ambapo ujuzi wako hauna cha kuonea haya.

Wala usiamini kwamba upande mkubwa ni msafi kwa kuwa ni mkubwa. Kim Un-yong, aliyeifikisha taekwondo kwenye Olimpiki na kuwa makamu wa rais wa Kamati ya Olimpiki, alihukumiwa kifungo mwaka 2004 kwa ubadhirifu na rushwa. World Taekwondo ilimpa Vladimir Putin dani ya tisa ya heshima mwaka 2013, ikaiondoa tarehe 28 Februari 2022, siku chache tu baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine. Na mwaka 2021 rais wa Kukkiwon alisafiri hadi Florida kumpa Donald Trump dani ya tisa ya heshima. Wanamichezo wengi walikasirika, na mimi nawaelewa, maana mtu wa kawaida hufika daraja hilo, kama akifika, baada ya zaidi ya miaka thelathini ya mazoezi. Hata hivyo heshima hizo hazina uhusiano na cheti cha kijana wa Mombasa aliyetahiniwa kwa haki.

Kwa kuwa umetaja mashindano, fikiri kwanza ni ya aina gani. Ikiwa ndoto yako ni timu ya taifa na Olimpiki, kwa umri wako nitakuwa mkweli kwamba dirisha ni jembamba, na njia ni moja tu: chama cha taifa kilicho mwanachama wa World Taekwondo, dani ya Kukkiwon, leseni ya mchezaji, kisha mashindano ya kufuzu ya Afrika. Ndiyo njia waliyopita Wakenya Mildred Alango na Dickson Wamwiri hadi Beijing 2008, na Faith Ogallo hadi Tokyo. Utalazimika pia kuubadilisha mwili wako. Katika ITF umezoea kwamba ngumi ya uso ni sehemu ya pambano. Kule ni kosa, na ngumi ya kifuani hupata pointi moja tu, ilhali teke la kichwani hupata tatu na teke la kuzunguka la kichwani tano. Vifaa vya kielektroniki vya kuhesabia pointi, vilivyotumika kwenye Olimpiki kuanzia London 2012, vilitokana na malalamiko ya miaka mingi dhidi ya waamuzi, na tukio la Ángel Matos wa Kuba kumpiga teke mwamuzi usoni huko Beijing liliwafanya watu wasiweze tena kuyanyamazia. Vilipunguza upendeleo, lakini wakongwe wananung'unika kwamba vimezaa mtindo wa kuinua mguu wa mbele na kudonoadonoa badala ya kupiga, na wakubwa wenyewe wamebadilisha pointi mara kadhaa ili kuurekebisha. Ikiwa unachotaka ni kushindana tu kwa ajili ya kujipima, mashindano ya ITF ya Afrika Mashariki na mashindano ya wazi yanakutosha, na huhitaji kubadilisha chochote zaidi ya kuhakikisha kwamba shirikisho ulilomo ndilo linaloyaandaa au linaalikwa.

Kufundisha ndiko ambako ningependa uweke nguvu, na huko mizozo ya Seoul na Pyongyang ina uzito mdogo kuliko sheria ya nyumbani. Sheria ya Michezo ya Kenya ya mwaka 2013 inayataka mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo, na ikaunda jopo la kutatua mizozo ya michezo, ambalo mwanachama aliyeonewa anaweza kulifikia. Kwa hiyo, kabla hujabandika bango la klabu, uliza shirikisho unalotaka kulitumia jina lake limesajiliwa kama nini, kwa jina gani hasa, viongozi wake ni nani na uchaguzi ulifanyika lini. Utashangaa ni mara ngapi jina lililo kwenye bango la ukumbini si lile lililo kwa Msajili. Shirika lisilosajiliwa linaweza kuwa na mapigo bora, lakini siku mtoto anapovunjika mkono na mzazi akauliza nani anawajibika, au siku kaunti inapokataa kukupa ukumbi wa kijamii, barua ya rais aliye ng'ambo haitakusaidia.

Wazazi wenye busara hawatakuuliza dani yako ni ya wapi. Watauliza nani yuko ukumbini mtoto anapobadilisha nguo, nani anamsindikiza kwenye mashindano ya nje ya mji, na anamwambia nani akiguswa vibaya. Kashfa za unyanyasaji zimeitikisa michezo hii katika nchi zenye mashirikisho tajiri kuliko letu, na pale zilipotokea, tatizo halikuwa ukosefu wa vyeti. Mara nyingi waliolalamikiwa walikuwa na madaraja ya juu kabisa, na hilo ndilo lililowafanya watoto waogope kusema. Chukua cheti cha tabia njema cha polisi, msaidizi wako naye achukue, mjifunze huduma ya kwanza, na muweke kanuni kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali palipofungwa. Mtoto aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu aketi pembeni, aonwe na daktari, na asirudi mazoezini siku hiyo hata mzazi akisema mwanawe ni shupavu. Katika kambi ya wakimbizi ya Mahama nchini Rwanda, Parfait Hakizimana, Mrundi aliyepoteza mkono akiwa mtoto, aliwafundisha taekwondo watoto wa kambi na mwaka 2021 akashindana kwenye Paralimpiki ya Tokyo katika timu ya wakimbizi. Watoto wale walimjua kwa kuwa alikuwepo uwanjani.

Amua basi utafundisha mtaala upi. Unachokijua ni ITF, na ningekushauri ukifundishe hicho kwa jina lake, bila kuwadanganya wazazi kwamba njia ya Olimpiki inaanzia hapo. Akitokea mtoto mwenye kipaji na hamu ya mashindano makubwa, mpeleke mapema kwenye klabu ya upande ule akaanze njia yake bila kupoteza miaka, nawe usione kwamba umenyang'anywa mwanafunzi. Ukitaka wewe mwenyewe kuwa na pande zote mbili, inawezekana: vaa mkanda mweupe kwenye klabu ya Kukkiwon iliyo safi, jifunze mifululizo yao, na kwa msingi ulio nao hutachelewa kufika dani ya kwanza. Nawajua waliofanya hivyo, na wote walisema kilichowauma ni ule mkanda mweupe wa wiki za mwanzo tu.

Limebaki la mwalimu wako. Mfuate kando, si mbele ya wanafunzi, kwa heshima anayostahili mtu aliyekulea kimchezo kwa muda wote huo. Muulize kwa nini alihama, maana huenda ana sababu nzuri asiyotaka kuitangaza. Kisha utenganishe ada mbili ambazo nadhani zimechanganywa: ada ya uanachama katika shirikisho jipya, ambayo ni halali kulipwa na anayetaka kuwa mwanachama, na ada ya cheti kipya cha daraja ulilokwisha kutahiniwa, ambayo huna wajibu wa kuilipa. Mashirikisho mengi yanayopokea wanaohama huwaandikia barua ya kutambua daraja lao la awali. Mwombe awaulize wakuu wake wapya kama hilo linawezekana, na kama hawataki, wakueleze kwa maandishi cheti kipya kinakupa nini ambacho cha zamani hakikupi. Unaweza kumwambia hivi: "Mwalimu, uanachama nitalipa nikishaelewa katiba yao, lakini dani yangu ulinitahini wewe mwenyewe, nami naridhika na saini yako." Sioni mwalimu anayejiheshimu atakavyoikasirikia kauli hiyo.

Akisema kwamba bila cheti kipya huruhusiwi kuvaa mkanda wako katika ukumbi wake, hayo ni mamlaka yake ndani ya ukumbi wake, na uamuzi wa kubaki au kuondoka utakuwa wako. Vyovyote itakavyokuwa, mwombe sasa, mkiwa bado mna maelewano, akuandikie kwenye karatasi moja tarehe na mahali pa mitihani yako yote miwili, majina na madaraja ya watahini waliokuwepo, na jina kamili la shirikisho la wakati huo, aitie saini, kisha uiweke pamoja na nakala za vyeti na picha za siku ya mtihani kama unazo. Shirikisho lolote utakalojiunga nalo baadaye litaanza kwa kukuuliza hayo.